Motere Iliyokuwa Inakufa kwenye Kona ya Luapula

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta motere ya mashua ikinguruma ndani ya pipa la maji, katikati ya mji usio na ziwa. Élisabethville ya wakati ule ilikuwa mji wa shaba, moshi na vumbi jekundu. Nilisimama mlangoni mwa karakana, kofia mkononi, nikaona maji yanatoa povu pipani, nikadhani Wazungu wameanza kupika chuma. Baba yangu, aliyetoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, alikuwa amenisindikiza huku akinionya nisiguse kitu. Sikugusa. Nilitazama tu, na kelele ile ilinipendeza hata nikasahau kumuaga baba.

Karakana yetu ilitengeneza pampu na jenereta, lakini zilizonivuta mimi ni motere za mashua. Zililetwa na malori ya samaki kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, safari ya kutwa nzima kwa barabara ya vumbi. Samaki walikwenda kwenye kambi za wafanyakazi, motere iliyougua ikashushwa kwetu. Mkuu wa wote alikuwa bwana shefu, Mbelgiji mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekaa nyuma ya kioo na kahawa yake. Chini yake alikuwepo kapita, ndiye msimamizi wetu sisi Waafrika, mtu wa Kasai aliyesoma kwa mapadri, nadhifu hata mikono yake ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

"Kyungu," aliniambia wiki ile ile ya kwanza, "usifungule kitu yenye haujasikiliza bado. Motere inasemaka. Weye nyamaza."

Basi nikajifunza kunyamaza. Motere ikikataa kuwaka, tulianza na moto. Tulifungua buji, kile kipande kidogo kinachotoa cheche, tukakilaza juu ya chuma cha motere na kuvuta kamba: cheche ya buluu ni nzuri, nyekundu ni dhaifu. Moto ukiwepo, tulikwenda kwenye petroli. Motere hizi zilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, nasi tuliichuja kwa ngozi laini, maana mapipa ya njiani yalikuwa na maji na kutu. Halafu kabureta, mahali petroli inapokutana na hewa. Mwisho propela na pini yake, ambayo ni laini kwa makusudi, ili mashua ikigonga gogo ivunjike pini na propela ipone. Vijana wa leo hufungua vyote kwa pamoja, wakavipanga chini kama mama anayeuza karanga, kisha motere inawaka na wao wamebaki na vipande viwili mkononi. Nacheka, lakini nacheka kwa uchungu.

Kila motere iliyopona tuliitia kwenye pipa na kuiwasha. Tulikuwa na desturi moja: kifuniko cha tangi, lile tangi dogo lililokaa juu ya motere, tulikiondoa na kukiweka kando, ili kapita aone petroli inavyopungua. Hakuna aliyeifikiria mara mbili desturi hiyo.

Mimi mto wenyewe nilikuwa sijauona. Niliujua kwa vitu vilivyong'ang'ania motere: gamba la samaki limekauka kwenye propela, jani refu la majini limejizungusha, harufu ya tope. Nikiwa nasugua, macho yangu yalikwenda mbali. Nilijenga mto wangu mwenyewe kichwani, mpana, mweupe, usio na sauti. Kapita alinigonga bega kila mara. "Kyungu, rudia huku, tuko ku kazi!"

Ikafika motere moja iliyonichosha roho. Ilikuwa ya patroni mmoja wa samaki, tajiri mwenye mashua na wavuvi wake, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Mara ya kwanza tuliisafisha kabureta, ikanguruma vizuri pipani, ikarudi Kasenga. Lori lililofuata likaileta tena. Tukabadilisha buji, ikaimba pipani, ikaenda, ikarudi. Safari hii patroni alikuja nayo mwenyewe. Bwana shefu aliiwasha mbele yake, akainua mabega.

"Motere haina ugonjwa," alisema.

"Kama motere haina ugonjwa," patroni akajibu, "basi muntu njo mubaya. Ile Mwape yangu naharibu kazi kwa kusudi. Mimi napeleka yeye kwa bwana administrateur. Buloko na fimbo."

Administrateur ndiye mkuu wa wilaya, buloko ni gereza, na kila mmoja wetu aliijua njia yake. Mwape ndiye aliyeendesha mashua ile, na sikuwa nimewahi kumwona. Lakini nilielewa kwamba pipa letu lilikuwa limemhukumu. Nikamtazama kapita, naye bila kuniangalia akasogea mbele ya bwana shefu, akakunja mikono kwa heshima.

"Shefu, motere ilisema ku pipa. Bado haijasema ku mai ya mto. Tutume Kyungu aende kuisikiliza kule."

Bwana shefu alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. Kisha akaitikia kwa kichwa, na patroni akasema sawa, lakini nikimaliza kutazama, yeye atajua la kufanya na mtu wake.

Ndivyo nilivyouona Luapula, nimekaa juu ya matenga matupu nyuma ya lori. Tulilala njiani, tukafika asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, na ng'ambo ya pili, nchi ya Waingereza, ilionekana kidogo tu, kama kitu ambacho mtu anakaribia kukikumbuka. Mto ulikuwa mpana kuliko ule wangu wa kichwani, na haukuwa mweupe. Nikasahau motere, nikamsahau patroni. Nilisimama pale mguu mmoja ndani ya maji, na ningesimama mpaka jioni.

"Fundi, karibu," mtu aliniambia. Alikuwa Mwape, mkubwa kwangu kwa umri, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mke wake, Mama Chanda, alimpa uji kwenye bakuli akamgeuzia mgongo haraka. Hakuna aliyetaja buloko.

Patroni, aliyerudi nasi, alibaki ufukweni. Sisi wawili tukapanda mashua iliyojaa samaki, mpumbu na makobo juu ya barafu, ili motere ivute mzigo wake wa kila siku, tukaondoka. Motere iliwaka mara moja, ikaimba. Nikafumba macho kama nilivyofundishwa. Maji yalipita chini yetu, ndege wakaita kwenye matete, na mimi nikawa kama niliyelala. Tulipokaribia kona, mahali mto unapojipinda, wimbo ukaanza kuwa mwembamba. Haukukohoa, haukupiga risasi. Ulififia polepole, halafu kimya.

"Njo pale pale," Mwape alisema, sauti imekauka. "Inakufaka pale pale."

"Na kisha unafanyaka nini, yaya?" nikamuuliza, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

"Minafungula kifuniko, minaangalia kama esanse iko mu tangi. Iko. Minafunga, minavuta kamba, inawaka. Tukienda kidogo, inakufa tena."

Akanyoosha mkono kukifungua. Nikasikia kitu kidogo sana, *fsss*, kama mtu aliyezamishwa anayevuta pumzi. Nikamshika mkono. Katikati ya kifuniko palikuwa na skrubu ndogo, nayo ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Ile skrubu ndiyo inayofunga tundu la hewa. Petroli ikishuka, lazima hewa iingie mahali pake. Tundu likifungwa, petroli hunata juu na motere inakufa kwa kiu, tangi likiwa limejaa. Kwenye pipa letu kifuniko kilikuwa kando, ikapumua, ikatudanganya sote.

"Nani alifunga hii?"

Mwape aliniangalia. "Mimi. Mashua ikicheza, esanse inaruka mu kitundu, inamwangika ku samaki. Bantu ya ku kambi banairudisha, banasema inanuka. Patron alisema: nikisikia harufu tena, nakufukuza. Sasa mi nifanye nini, fundi? Nilifunga."

Nikakaa chini juu ya ubao. Furaha ya kuipata siri ile ilinitoka yote. Ugonjwa nilikuwa nao mkononi, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Mwape. Nikirudi ufukweni nikasema motere ilifungwa pumzi na mwendeshaji, nimempeleka buloko kwa mdomo wangu. Nikisema fungua tundu, samaki watanuka, atafukuzwa. Mashua ikachukuliwa na mkondo taratibu, ikizunguka. Nilitamani mto utuchukue hivyo hivyo mpaka ziwani unakoishia.

Ndipo nikakumbuka kipande cha bomba la shaba kwenye sanduku langu, chembamba kama kidole cha mtoto. Tulirudi, nikaomba makaa ya kukaushia samaki, nikapasha chuma cha kulehemu. Skrubu niliitoa kabisa, bomba nikalilehemu kwa risasi mahali pake, kisha nikalipinda juu na kulitoa nje ya mashua. Hewa ingeingia, na petroli ikiruka ingeangukia mtoni. Patroni alikuja kusimama juu yangu.

"Nani nafunga ile skrubu?"

Niliweka chini chuma cha kulehemu. "Patron, ilifungwa ili samaki isinuke. Njo amri yako Mwape alifuata. Sasa motere itapumua, na samaki haitanuka."

Patroni alisogea. Akainama, akanusa samaki, akanusa bomba, akamwangalia Mwape kwa muda mrefu. "Nenda," alisema. "Mimi nataka sikia."

Tukaenda. Kwenye kona Mwape aliacha kupumua, nikaona mgongo wake umekakamaa. Motere ikapita ikiimba. Akaanza kulia bila sauti, mkono kwenye usukani, akatupeleka mbele zaidi ya tulivyohitaji kwenda.

Baada ya hapo nilitumwa sehemu nyingi, kwenye pampu za mashamba na vivuko, chini ya mashefu wa kila tabia. Nikawa kapita mimi mwenyewe. Nilipostaafu nilikaa Katuba, mtaa wa mji ule ule, nikaona siku ni ndefu, nikapanda lori la samaki kwenda Kasenga bila sababu yoyote niliyoweza kuwaeleza wanangu. Mwape alikuwa amekwisha kufariki, akiwa mzee, kwenye kitanda chake. Mama Chanda alinipokea, akaniwekea kiti kinachotazama maji.

Tulizungumza habari za wajukuu. Ukungu ulikuwa unaondoka mtoni.

"Ile siku ulikuja," alisema, "nilikuwa nimefunga mizigo. Blanketi, sufuria, batoto. Mutumbwi ilikuwa inatungoja mu matete, tukimbie ng'ambo mbele bamukamate Mwape. Mulipotoka mara ya pili nilisema, motere ikikufa tena pa kona, tunaenda, hatutarudia."

"Na kisha?" nikauliza kipumbavu.

"Nilisimama pale, nikasikiliza. Ikafika pa kona. Ikapita." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Njo nikafungula mizigo, baba."