Mtihani wa Kichwa wa Bastien Thivierge

Usiku ule redio ya jikoni ilitangaza kwamba Bastien Thivierge ameanguka barafuni na hajanyanyuka, kisha wakaweka tangazo la matairi.

Fernand, mume wangu, alikuwa amesimama na kikombe mkononi. "Atanyanyuka," alisema. "Yule kichwa chake ni mwamba."

Mtangazaji aliporudi alikuwa anaongelea bao la upande mwingine, kana kwamba kijana wangu hakuwahi kuwepo uwanjani. Nilikaa karibu na simu. Nilifuta meza, nikaifuta tena. Fernand akaniambia nitaitoboa.

Nasema kijana wangu, lakini sikumzaa. Huku Abitibi mtoto mwenye kipaji cha hoki ya barafuni hatulii kwao. Akifika miaka kumi na sita huenda kuishi kwa watu wasiomjua, karibu na timu iliyomchukua, na sisi ndio tuliokuwa watu hao. Bastien alitoka kijiji cha wavuvi, mbali sana kwenye pwani ya mashariki. Mama yake, Solange, alikuwa zamu kwenye kiwanda cha kaa siku aliyoletwa, hivyo aliniambia kwa simu tu, "Wewe uko naye karibu. Mwangalie kwa macho yangu." Mtoto mwenyewe alisimama mlangoni na begi lililomzidi kimo, akauliza kama anaruhusiwa kufungua friji.

"Fungua, lakini utuachie mlango wake," Fernand alimwambia. Kuanzia siku hiyo mimi nikawa Mama Gigi, na yeye Mzee.

Hakuwa na mbio. Wenzake walipita na kile kisahani cha mpira kinachochezewa hoki kwenye gongo kama vile wamekifunga kwa uzi, yeye alikuwa akikipoteza. Ila alikuwa na kifua, na hakuwa mwoga. Kocha aliliona hilo mapema. Kila timu ilikuwa na mmoja wa namna hiyo: ukimgusa mfungaji wetu, huyu anavua glavu na kukupiga ngumi, na watu wanasimama vitini kushangilia. Bastien alikuja nyumbani na vidole vilivyovimba, akavitumbukiza kwenye bakuli la barafu huku anakula supu ya njegere kwa mkono wa kushoto.

"Unaipenda hiyo kazi?" nilimuuliza.

"Naipenda hoki, Mama Gigi. Hii ndiyo nauli yake."

Akawa mchezaji wa kulipwa. Miaka mingi ilimwishia kwenye mabasi, kutoka mji hadi mji, upande wa Marekani. Majira moja ya baridi aliitwa ligi kubwa. Tulialika mtaa mzima, nikapika pai za nyama, nikaazima viti kanisani. Alicheza dakika chache, na zaidi ya hizo alikaa kwenye kibanda cha adhabu, wanakoketishwa waliopigana. Jirani mmoja alisema, "Angalau kiti amepata." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na bado tulijivuna. Kisha bega likaharibika, goti likafuata, akarudi kwenye ligi ya chini, klabu ya mji wa jirani. Miaka thelathini, hana mke, hana kazi nyingine anayoijua.

Usiku ule wa redio, hatimaye simu ililia. Ni mtunza majeruhi wa klabu. "Amezinduka, mama. Anauliza kama tulishinda."

Hospitali ilimruhusu kutoka, nao wakamleta kwetu apumzike, kwenye chumba chake cha zamani cha juu. Mbele ya Fernand alikuwa mzima, anatania. Mimi nilimtazama asipojua. Alimimina kahawa pembeni ya kikombe na hakuona. Aliniuliza habari za Solange, nikamjibu, akaniuliza tena kabla sijakaa. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi na soksi mkononi, hakumbuki kama alikuwa anazivaa au anazivua.

Baadaye akaenda kwa daktari wa klabu, akarudi anapiga miluzi.

"Nimepita! Jumamosi narudi barafuni."

"Umepita vipi?"

"Matokeo yaleyale ya Septemba, Mama Gigi. Sijapungua hata punje."

Fernand alimpongeza. Lakini mimi huo mtihani wa Septemba nilikuwa naujua. Ni ule wa kompyuta, wa kukumbuka maneno na maumbo, wanaoufanya wote kabla msimu haujaanza, ili mtu akigongwa kichwa wapate cha kulinganisha. Kila mwaka Bastien alikuja mezani kwangu akicheka.

"Leo nimejifanya mjinga vizuri sana," alikuwa akisema. "Ukijionyesha una akili Septemba, ukigongwa Januari watakukamata. Wakubwa wote wanafanya hivyo."

"Wewe ulikuwa na haja ya kujifanya?" Fernand alimtania, nasi tukacheka. Ulikuwa ujanja wao wa wachezaji, kama kufunga gongo utepe kwa namna fulani.

Usiku sikulala. Kesho yake nilimwambia Fernand nakwenda dukani, nikaendesha gari hadi kwa yule daktari wa klabu, mwanamke mpole anayeitwa Ouellet.

"Daktari, mtoto yule hayuko sawa."

"Alama zake zinafanana na za Septemba."

"Za Septemba ni za uongo. Alikosea kwa makusudi."

Alivua miwani, hakushangaa. "Wengi hufanya hivyo, mama, na nilimhisi. Lakini siwezi kumzuia mtu kwa kuhisi. Naweza kusema nimesikia kwako?"

Nilijua nikikubali, huenda asikanyage nyumba yangu tena. Nikakumbuka soksi mkononi.

"Sema. Lakini nitamwambia mwenyewe kwanza."

Nilimwambia mezani, Fernand akiwepo. Bastien hakupiga kelele. Aliniangalia kama ananisoma upya.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Wewe si mama yangu."

"We, Bastien!" Fernand alifoka. Nikamshika mkono.

Alipanda juu, akafunga mlango kwa ufunguo. Jioni klabu ikapiga simu: hatacheza msimu huu, na daktari alisema wazi kwamba pigo lingine laweza kummaliza. Nilisikia simu yake ikiita chumbani, nikasikia akisema "ndiyo, kocha" mara kadhaa kwa sauti ndogo, kisha zipu ya begi.

Nilipanda nikakaa sakafuni ukumbini, kando ya mlango wake, mgongo ukutani.

"Kama unaondoka, Fernand akuendeshe," nilimwambia kupitia mlango. "Usishike usukani."

Zipu ikasimama.

"Nichukie ukiwa hai. Mimi hilo naliweza."

"Nitafanya nini, Mama Gigi?" Sauti ilitoka chini kabisa, na yeye alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili. "Niambie. Kuna kazi gani ya mtu anayejua kupigana kwenye barafu?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. "Sijui, mwanangu."

Nilimsikia Fernand chini akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Miguu iliniuma, sikuinuka.

"Tangu siku ile kichwa hakijaacha kuuma hata dakika moja," alisema.

Ufunguo ukazunguka. Mlango ulifunguka nusu, akasimama pale na mkono juu ya macho, begi likiwa wazi nyuma yake, machozi yakimtiririka kwa kuchomwa na mwanga wa ukumbini.

"Zima taa, Mama," alisema.

Nikazima.