Kufuata Rubi Olbalbal

Karatu. Aliyenitoa nyumbani ni mke wangu, Mama Paulina. Jumapili tungebarikiwa kanisani kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa, na kuna mtu alimwambia kwamba mwaka wa arobaini ni wa rubi. "Bila pete yenye jiwe jekundu," akasema, "utasimama madhabahuni na kivuli chako." Dukani walinitajia bei ya kuuza zizi. Nikasikia Olbalbal yuko bibi wa Kimasai mwenye rubi kutoka Longido, na anauza.

Alfajiri nilipanda lori la mahindi la Daudi. Ukingoni mwa kreta ukungu ulifunika kila kitu, kwa hiyo nikamsomesha Daudi. "Rubi na yakuti ya bluu ni tumbo moja, tofauti ni rangi tu. Zamani askari walivaa rubi vitani wakiamini hawatadhurika."

"Na waliokufa?"

"Hao walivaa vioo."

Saa tano tukafika Olbalbal, kukavu, ng'ombe wakiwa safarini kutafuta maji. Koko Nasieku, maana bibi huko huitwa koko, alinipa chai ya maziwa, kisha jiwe kubwa kama harage. Daudi akatafsiri.

"Koko, kioo hiki unakiuzaje?"

"Kama ni kioo, umekifuata nini toka Karatu?"

Nikalikwaruza kwenye chupa. Chupa ikachubuka, jiwe halikujali. Nikajifunika shuka, nikalimulika kwa tochi ya zambarau niliyoazima kwa madalali wa mawe: likawaka kama kaa. Nikatoka na uso wa msiba. "Lina nyuzi ndani," nikalalamika, ingawa rubi ya kweli ndivyo ilivyo. Ukiiona safi kama maji, kimbia. Koko akashusha bei. Akashusha tena. Tukabaki tunavutana kwa tofauti ya bei ya mbuzi mmoja.

Hapo nikafanya wafanyavyo madalali wote: nikalitemea jiwe mate, nilisugue nione rangi. Wanawake wa boma waliokuwa wakitutazama wakapiga vigelegele. Binti mmoja akaja akaniinamishia kichwa.

"Daudi, nimefanya nini?"

"Mzee, hapa mwenye mvi akitema mate ametoa baraka. Huyu ni Naserian, mjukuu wa koko, anaolewa mwezi ujao. Umembariki."

"Basi nimlipe koko upesi!"

Koko akalifunga jiwe kwenye pindo la shuka yake. "Nilitaka kuliuza ninunue shanga za arusi. Sasa lenyewe litashonwa kwenye mkufu wake. Baraka ya mtoto siiuzi."

Niongeze mbuzi? Nikaongeza. Niongeze wawili? Wakacheka. Binti bado ameinama. Nikamshika utosi.

Jioni, Karatu, Mama Paulina alitazama mikono yangu mitupu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Miaka arobaini unagombana na wauza nyanya, leo umegawa rubi kwa mate! Jumapili nitasimama na wewe, baba. Nataka watu wakuone."

Nilichojifunza: rubi haikwaruzwi ovyo, karibu almasi peke yake ndiyo inayoiweza. Lakini ukienda kuinunua Umasaini na mvi zako, nenda na mdomo mkavu.