Mpira Niliochelewa Kuuachia

Harufu ya ngozi iliyolowa mvua inanichefua hadi leo. Nina maduka matatu hapa Wembley, nimeyasimamisha kwa mikono hii, na skuli nilitoka hata barua siwezi kuandika. Lakini koti la ngozi siuzi. Anayelitaka aende kwa jirani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mrushaji wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa ngozi wenye umbo la yai. Wallahi, mkono kama wangu haukuwepo London nzima. Kocha, Mmarekani mnene mtafuna jojo, alitueleza kuwa zamani watu waliukumbatia mpira wakasukumana kama mafahali. Baadaye wakajifunza kumrushia aliyeonekana yuko wazi.

"Siku hizi hungoji umwone," akasema. "Rudi hatua tano, achia. Mwenzako akigeuka, aukute."

Mwenzangu alikuwa mdogo wangu, Salum. Na sote tulikuwa watoto wa baba yetu, aliyetoka Unguja baada ya mapinduzi, akamwachia rafiki funguo za nyumba, asiuone tena mlango wake. Kila siku alitwambia: "Usiachie kitu mpaka uuone mkono unaopokea."

"Kaka, achia mapema bwana!" Salum alinililia mazoezini. "Ntakuwepo!"

"Nikikuona ntaachia. We kimbia, domo baadaye."

Jumapili moja ya mvua walikuja wageni kumtazama Salum. Wakimpenda, angepelekwa kusoma Marekani kwa ajili ya mbio zake. Nikarudi hatua tano. Sikuachia. Nilingoja ageuke, nikamwona, ndipo nikarusha, na mpira mzuri kama ule sijapata kuurusha tena. Lakini nilikuwa nimewapa walinzi wawili muda wa kumfikia. Walimkuta hewani, mikono juu. Goti lake likalia kama kuni kavu inayovunjwa.

Hospitali aliniambia neno moja tu: "Nilikuwepo, kaka."

Nyumbani nilimlaumu kocha. Baba akaniunga mkono. Miaka mingi nilijisifia ule mpira.

Sasa Salum ananifungulia duka. Asubuhi namkabidhi funguo, jioni nazichukua. Watu husema nimefika hapa kwa kutomwamini mtu, nami huitikia kwa kicheko. Nimechelewa kujua kuwa baba hakutupa busara. Alitugawia jeraha lake, nami nikalihamishia kwenye goti la mwenzangu.

Juzi nilitaka kumwambia akae nazo funguo. Nikangoja anitazame kwanza. Akaziweka mezani, akageuka, akaenda zake kituoni akiburuza mguu.