Ng'ombe Katangulia, Mama Anafuata

Kumepambazuka nusu tu, na Elisifa ameshainama. Mundu mkononi, khanga kiunoni, anakata majani kwenye tambarare iliyo chini ya Marangu huku umande ukimlowesha mpaka magotini. Pumzi anaitunza kwa ajili ya kupanda mlima.

Mzigo ukishafungwa kwa kamba za migomba, mwenzake anamsaidia kujitwika. Kutoka hapo ni mlima mtupu hadi nyumbani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwandishi wa habari hizi aliomba aujaribu, akapiga hatua chache, akautupa. Akina mama wengine waliokuwa wakikata majani walicheka mpaka wakaketi.

"Shingo imezoea," anasema Elisifa, mwenye miaka hamsini na miwili. "Magoti ndiyo yameanza ubishi. Nimechoka, baba. Nisikudanganye."

Ni mjane tangu mwaka 1991. Mumewe, Aminieli, alimwachia kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye migomba na kahawa. Kahawa hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wao wawili. Baadaye soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, bei ikachangamka kidogo, kisha ikaporomoka. Watoto wakaenda kutafuta maisha Arusha na Dar es Salaam.

Sasa anaishi kwa ng'ombe mmoja wa maziwa na kwa majani anayowauzia wafugaji, shilingi mia tatu kwa mzigo. Majani hayo hayo ndiyo yaliyomwingiza katika kisa hiki.

Katika usharika wao wa Kilutheri, asiye na fedha humletea Mungu alicho nacho: mkungu wa ndizi, mayai, kuku. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Sikukuu ya mavuno ya mwaka huu wa 1999 ilimkuta Elisifa mikono mitupu. Upepo ulikuwa umeangusha migomba yake, na kuku walikufa kwa kideri. Akaona aibu kwenda bila kitu, akapeleka mzigo wa majani.

"Nani hapa ana ng'ombe aliyeokoka?" mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

Bei ilianzia shilingi mia mbili. Ndipo Eliona, mzaliwa wa hapo anayeuza vipuri vya magari Dar es Salaam, akapaza sauti: "Elfu kumi!" Vigelegele vikapigwa. Baada ya kulipa, akapunga mkono. "Mama arudi na majani yake."

Wengi waliona ni hisani, na mnadani wanunuzi wengi hufanya hivyo. Elisifa hakuona hivyo. Kwa malezi yake, kilichokwisha kuwekwa mbele ya madhabahu hakirudi kwa aliyekitoa, hata kama ni cha kumlisha ng'ombe.

"Ningerudi nayo vipi? Sasa Mungu ningekuwa nimempa nini?" anauliza.

Jumatatu asubuhi akajitwika mzigo ule ule, akaupeleka kwa mnunuzi. Eliona alikwisha kurudi Dar. Elisifa alikuta geti la chuma, nyumba kubwa ya vigae vyekundu, na sebule ambayo makochi yake bado yamevikwa nailoni. Nyuma, katika jiko la kuni, alikaa peke yake Magdalena, mama yake Eliona, mwenye miaka sabini na minane. Ng'ombe alikuwa analia njaa, maana kijana wa kazi alikuwa amekimbilia kubeba mizigo ya watalii mlimani.

"Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono, hakuniachia," anakumbuka Elisifa. "Akasema, 'Mwanangu, tangu Krismasi hakuna aliyekula na mimi. Hata Eliona jana hakukaa kula.'"

Wakapika kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, wakala sufuria moja. Walipoomba, bibi alilia.

Tangu hapo Elisifa akawa anapita karibu kila siku. Habari zikamfikia Eliona, akaja na neno zito: mshahara wa shilingi elfu thelathini kwa mwezi na chumba cha uani, ila Elisifa afunge nyumba yake, auze ng'ombe wake na ahamie hapo.

"Nilizitamani zile fedha, nisijifanye mtakatifu," anasema. "Magoti yangu yalizitamani kabla yangu."

Lakini kufunga nyumba ni kumwacha Aminieli, aliyezikwa pale pale kati ya migomba. Akaomba muda. Kabla hajajibu, Magdalena akawamalizia maneno.

"Asihame mtu. Mimi ndiye nitakayekwenda kwake."

Eliona alishtuka. "Mama, watu watasemaje? Ulale nyumba ya mabanzi, na hii nimemjengea nani?"

"Umejenga vizuri, mwanangu, Mungu akubariki. Lakini nikiomba, vigae haviitikii amina."

Eliona si mtu mbaya. Akizungumza na mwandishi kwa simu ya dukani kwake, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikulia kwenye moshi. Niliapa mama yangu hatarudi tena humo. Leo ananiambia ndiko anakotaka. Nifanye nini?"

Alimkatalia mama yake kuhama, na habari ya mshahara ikafa siku hiyo hiyo.

Magdalena hakubishana. Wiki iliyopita alimtoa ng'ombe wake zizini, akampeleka kwa Elisifa. Majirani hawakuhitaji kufafanuliwa: mama wa Kichagga hakai mbali na ng'ombe wake. Eliona alipata habari. Jana limefika godoro jipya kwa basi kutoka Dar es Salaam, halina hata barua. Magdalena anahamia Jumamosi.

Kwa hiyo Elisifa hana mshahara, na ng'ombe sasa ni wawili. Tambarare anashuka mara mbili kwa siku. Wapo wanaomwita mjinga, na ukiyatazama magoti yake huwezi kuwalaumu sana.

Mpango anao. Mvua zikianza atang'oa mistari ya kahawa iliyozeeka na kupanda majani ya gwatemala, ya kulishia ng'ombe, kwenye mitaro ya shamba, ili siku moja aache kushuka tambarare. "Aminieli atanisamehe," anasema.

Alipoulizwa amepata faida gani, aliutua mzigo na kujifuta jasho.

"Miaka minane naingia na mzigo, anayenipokea ni ng'ombe," alisema. "Juzi bibi alikuja kumtazama ng'ombe wake. Nikatua mzigo, akaniletea maji, akaniambia pole. Nilikunywa huku nalia. Kuchoka nitachoka tu, baba. Ila sasa yupo wa kunipa pole."