Siku niliyotaka kutangaza kwamba mlima Kahuzi umeamka

Wakuu, heshima kwenu wote. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijatia chumvi. Aibu yake nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo nagawa.

Mimi ni mtu wa Bukavu, kwa hiyo Kifaransa kikichungulia humu mnivumilie. Kazi yangu ni jiolojia: volkano, matetemeko na yaliyo chini kabisa ya miguu yetu.

Kwa kifupi, huku Kivu ardhi inachanika taratibu. Nilitaka kujua chini ya huo mchaniko kuna nini.

Tetemeko likipiga hata ng'ambo ya dunia, mawimbi yake hupita tumboni mwa dunia mpaka kwetu. Yakikuta mwamba wa moto, yanachelewa. Ni kama echo, ile ultrasound ya mjamzito: hupasui tumbo, lakini mtoto unamwona.

Sasa mashine ya kusikiliza hayo inataka mwaka mzima wa utulivu, na mtu wa kuilinda. Huku kwetu paneli ya sola isiyo na mwenyewe haimalizi wiki.

Nikampata Maman Nsimire, mjane anayeishi Bagira, hapa hapa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya alfajiri. Tukaifukia mashine nyuma ya nyumba yake. Kila siku mashine ilinitumia muhtasari kwa simu, ila data kamili nilikuwa naenda kuichukua asubuhi, mara moja kwa wiki, na sikuwahi kuondoka bila bakuli la sombe. Watu wa pwani, ninyi mnaita kisamvu.

Mwezi wa tatu nikaona kitu.

Kila mchana, baada ya saa nane, mitetemo midogo. Du, du, du, kwa mpigo sawasawa, dakika kumi na kitu, halafu kimya.

Wakuu, volkano ikipandisha uji wake wa moto inaweza kupiga hivyo hivyo, kama ngoma. Na Kahuzi, mlima tunaouona kila siku, ni volkano iliyolala tangu zama za zama.

Damu ikanichemka. Mashine yangu ya pili ilikuwa imekufa betri, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha. Nikampigia Maman simu, nijue kama kuna mashine ya kusaga au jenereta jirani.

"Maman, hapo karibu kuko moulin? Ao groupe ya umeme?"

"Hapana, Papa Ingénieur. Huku kuko kimya. Ni kuku tu na miye."

Basi. Nikaandika ripoti, kurasa sita, Kahuzi unaamka. Profesa wangu akajibu neno moja: subiri. Nikamwona mwoga. Nikapanga Jumatatu niipeleke mwenyewe kwa wakubwa wa mji. Fikiria, mji mzima juu ya vilima, watu wabebe magodoro na watoto wakimbie, kwa neno langu mimi!

Alhamisi mitetemo ikakata. Ijumaa hakuna. Jumamosi hakuna.

Nikajua ndio mwisho, mlima umevuta pumzi, unataka kulipuka. Nikarukia pikipiki mpaka Bagira, moyo mkononi.

Nikakuta viti uani na wamama wamekaa kwenye mikeka. Maman Nsimire alikuwa amefiwa na dada yake.

Nikakaa. Ungefanya nini? Kwetu nyumba yenye kilio haiwashi jiko, majirani ndio wanaleta sahani. Maman akaniona, akanishika mkono.

"Unisamehe, Papa Ingénieur. Leo sombe haiko. Tangu dada yangu alikufa sijagusa kinu."

Wakuu, nikageuka kutazama nyuma ya nyumba.

Kinu kilikuwa pale, hatua tano kutoka kwenye mashine yangu. Nimekulia Bukavu, nimelala na kuamka na mlio wa kinu. Niliuliza moulin, nikauliza umeme. Kinu hakikunijia kichwani hata kidogo. Na ile sombe nilikuwa naila!

Nilikaa kilioni mpaka jioni, nikarudi nyumbani, nikafuta kurasa zote sita.

Wiki mbili baadaye nikamwungamia. Akacheka mpaka akafuta machozi na kitambaa.

"Kumbe volcan njo miye! Mashine yako inasikia kuliko wakwe zangu."

Nikamwambia nitaihamisha. Akakataa. "Utaipeleka wapi? Wataiiba. Kinu yangu, nani ataiba?"

Akakibingirisha mpaka kwa jirani, barabara ya chini. Sikumwomba. Kwa miezi kumi na minne mwanamke yule alishuka mteremko na beseni la majani, akatwanga, akapanda tena, hata kwenye matope ya mvua. Ili mimi nisikie.

Siku ya kutetea thèse, yaani tasnifu yangu, mmoja wa majaji akauliza: hiki kituo kiko katikati ya nyumba za watu, imekuwaje kimya chake ni safi hivi?

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali la mabamba ya ardhi na mwamba wa moto. Hilo hapana. Maman alikuwa kiti cha nyuma, amevaa kikwembe, kitenge chake cha kanisani. Nikataja jina lake, nikalia mbele ya maprofesa kama mtoto. Nashukuru mpaka leo, na sitamaliza.

Funzo langu: kabla hujatangaza mlima, mjue mwenye uwanja. Njoo mchana, si asubuhi tu ya kuchukua chako na kula.

Haya, na ninyi wakuu, leteni majina. Nani alikaa kimya ili kazi yako isikike, na je, ulishamwambia asante?