Kopo Langu la Uani

Wifi yangu yu hai na mzima, na mimi sijamsamehe wala sina haraka.

Nilipoolewa nikitoka Magarini na kuingia nyumba ya wakwe zangu, Malindi mjini, yeye, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyeshika funguo na jiko. Jikoni alinipiga marufuku mapema. Alidai sijui kuchuja tui na kwamba wali wangu unanuka moshi wa shamba. Basi nikawa mtu wa kufagia na kufua, na nazi akawa anakuna yeye peke yake, amekalia mbuzi kama sultani.

Kisha choo kikaanza visa. Kwanza tangi halikujaa. Nilifunua kifuniko, nikaona mkono wa boya umegandamana kwa chumvi ya maji ya kisima. Nikaumwagia siki, nikaukwangua kwa mswaki mkuukuu, tangi likajaa. Kazi hiyo niliijua, maana kabla ya kuolewa nilisafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni na nikawa napenda kuwatazama mafundi. Shukrani niliyopata ni hii: choo kilipoanza kurudisha maji juu, wifi alimwambia mama mkwe ni mimi niliyekichokora.

"Hawa wamezoea kichaka, mama. Choo cha kukalia wamekijulia wapi?"

Mama mkwe aliendelea kusuka ukili wake, na hilo liliniuma vibaya. Wifi akaniletea kopo tupu la rangi, limeshika kutu, akasema hilo ndilo langu la maji ya chooni, na choo changu ni kile cha shimo kule uani walichokuwa wakitumia waashi. Kopo la ndani nisiliguse. Kila nilipovuka ua na mkebe ule mkononi, majirani wakichungulia juu ya ukuta, nilimwapiza kimoyomoyo. Mume wangu aliniambia nivumilie. Rahisi kusema, kopo halikuwa lake.

Cha ajabu, nilipohamia uani choo cha ndani kilizidi kuziba. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku ya maulidi pale nyumbani kwa wakwe, wanawake wamejaa sebuleni, choo kikafurika mpaka ukingoni. Wifi akatoka akipaza sauti ili kila mgeni asikie.

"Ni yule wa Magarini tena! Ametutia aibu mbele za watu."

Macho yote yakanigeukia. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikamwendea mama mkwe.

"Mama, niruhusu nikitazame. Nikishindwa, leo hii narudi kwetu."

"Haya, mwanangu. Katazame."

Nikajifunga leso kiunoni, nikavaa glavu zangu za hotelini. Nilimwaga ndoo ya maji bafuni, yakateremka bila taabu. Nikafunua chemba uani, shimo ambamo mabomba ya maji machafu hukutana: maji ya bafuni yalikuwa yamepita, lakini bomba la choo lilikuwa kavu. Kwa hiyo kizuizi kilikuwa katikati, baina ya choo na chemba. Nikachukua ufito mrefu unaopindika, nikauingiza kwa upande wa chemba, nikasukuma na kuvuta, nikasukuma na kuvuta, mpaka kitu kikaanza kumong'onyoka. Yakatoka mabonge meupe yenye mafuta, yakinuka nazi iliyochacha.

Machicha ya nazi! Nilicheka peke yangu pale chini. Zamani yalikuwa ya kuku, lakini mama mkwe alikuwa ameuza kuku wake, na kwenye pipa alishakataza yasitupwe kwa sababu yaliwavuta wadudu chungu. Kumbe mpishi wetu alikuwa akiyamwaga chooni na kuvuta maji.

Ningeweza kuyafukia nikanyamaza. Mwenye moyo mwema angefanya hivyo. Mimi niliyasuuza kwa mpira wa mfereji, nikayajaza ndani ya kopo langu la rangi, nikasimama uani, maana ndani singeingia na najisi, nikamwita mama mkwe. Akatoka, na wageni nyuma yake wakasongamana mlangoni.

"Choo kimezibuka, mama. Kilichokiziba ni hiki."

Akainama. "Machicha?"

"Machicha, mama."

Bibi mmoja mgeni akauliza bila ubaya wowote, "Kwani humu anayekuna nazi ni nani?"

"Mimi jikoni siruhusiwi, bibi," nikamjibu, kwa adabu zangu zote. Utamu wa sentensi ile ninao mdomoni hadi leo.

Wifi akaanza kurudi nyuma kuelekea jikoni. Mama mkwe akamnyoshea kidole, kisha akakielekeza kwenye kopo.

"Limwage, ulioshe. Kisha ni lako."

Wageni walipokwisha kula, wifi akabanwa na haja. Nilisimama mlangoni nikamtazama akivuka ua kwenda choo cha shimo, kopo lile mkononi, majirani wale wale wakichungulia, na sikumwonea huruma hata chembe.