Ukaguzi Kabla ya Kuondoka

Katika darasa letu la Kiingereza la wazee, juu ya duka la tambi hapa Morioka, Japani, yumo dereva wa treni mstaafu ambaye hatamki sentensi bila kuikagua. Huiandika daftarini, kisha huinyoshea kidole neno kwa neno na kuita, kama alivyozikagua kwa sauti taa za reli kazini, desturi ya madereva wa Japani: "Mtenda, yupo! Wingi, upo!" Vile vineno vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, "a" na "the", ambavyo lugha yetu imeishi karne nyingi bila kuvihitaji, huvikagua mara mbili. Sentensi inapokuwa salama, mazungumzo yameshahama. Mjukuu wake wa miaka mitano, aliyeko Australia, hajui Kijapani. Kila Jumamosi humsubiri babu amalize sentensi kwenye simu, huchoka, hukimbilia michezo.

Jumamosi iliyopita mtoto alipiga mapema, tukiwa nje tunakunywa chai. Daftari lilibaki darasani.

"Babu? Upo?"

Mzee akageuka kutazama ngazi za darasani, simu ikiwa kwenye spika. Mama Kuramochi, mwanafunzi mwenzetu, mjane mwenye ulimi mkali, akamsukuma bega. "Sema chochote, mzee! Huyo si abiria, hatakungoja!"

"Paka," mzee akasema kwa Kiingereza. "Babu nyumba paka tatu. Kuja ona."

Mwalimu akafumbua kinywa kusahihisha; Mama Kuramochi akamziba kwa keki ya mchele.

"Wakoje?" mtoto akauliza.

Jibu la swali hilo halikuwamo hata daftarini. Hakuwahi kufika mbali hivyo katika mazungumzo na mjukuu. "Moja nyeupe," akasema papo hapo. "Moja nene. Moja mwizi."

"Anaiba nini, Babu?" akauliza mtoto, na tukasikia kiti kikiburutwa karibu na simu.